Tulimchangia Baba, Hatukumuuliza

Msomaji wangu, umeshawahi kukaa kwenye kikao cha familia ambacho mwenye shida yupo palepale, kwenye kochi, lakini kila mtu anamzungumzia kama vile kasafiri? Mimi nimekaa. Tena nilikuwa katibu!

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa sita, mwaka 2024, nyumbani kwa wazazi wetu Tabata. Watoto wote watano tulikuwepo, na wakwe wawili. Ajenda ilikuwa moja: kumpeleka Baba India akafanyiwe upasuaji wa ubongo. Kaka yetu mkubwa alikuja na hesabu zake kwenye karatasi. Tiketi za watu wawili, viza, malazi, hospitali, na kifaa chenyewe, ambacho ndicho kilikuwa kinameza sehemu kubwa ya bajeti. Jumla yake ilikuwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Tukaanza kuahidi, mmoja baada ya mwingine, kama tuko kwenye kamati ya harusi. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Sisi tuandikie milioni nane."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Akanigeukia, akaniangalia, hakusema kitu. Ile milioni nane ilikuwa pesa ya msingi wa nyumba yetu Bunju. Tuliikusanya kwa miaka mitatu.

Na Baba? Baba alikuwa kwenye kochi lake, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya goti, vidole vikijisugua kama mtu anayehesabu sarafu. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Kaka alikuwa anaongea. Mara ya pili nadhani ni mimi niliyekuwa naongea.

"Baba yako siku hizi hanichekei"

Kabla sijaendelea, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mviringo, wa mtu aliyezoea kuandikia ubaoni. Nilipokuwa chuo kikuu alikuwa akiniandikia barua, ingawa simu ilikuwepo. Kuanzia mwaka 2012 mwandiko ule ulianza kupungua. Mstari ulikuwa unaanza na herufi kubwa na kumalizikia kwa herufi ndogo kama sisimizi. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu, niliona, nikajisemea mzee anabana matumizi ya karatasi. Baadaye benki ikamrudishia fomu mara mbili, sahihi hailingani na ile ya zamani. Tukacheka.

Mama aliona mengine. Baba aliacha kusikia harufu ya wali ukiungua wakati kakaa mlangoni pa jiko. Usiku alikuwa akirusha mateke usingizini. Lakini kilichomuumiza Mama zaidi ni uso. "Baba yako siku hizi hanichekei," aliniambia. "Namwambia jambo la kuchekesha, ananitazama tu kama nimemkosea." Kusema ukweli Mama alishaanza kuwaza kwamba kuna nyumba ndogo mahali! Miezi kadhaa wazazi wangu, watu waliooana zaidi ya miaka 30, walilala wamepeana migongo.

Hakukuwa na nyumba ndogo. Ugonjwa wa Parkinson hukaza misuli ya uso mpaka mtu anakuwa kama amevaa kinyago. Ndani anacheka, nje hakuna kinachoonekana. Wanandoa wangapi wamenuniana kwa sababu ya uso ambao haukuwa na kosa lolote?

Ilituchukua miaka miwili kupata jina la ugonjwa. Mwingine alisema ni kiharusi kidogo, mwingine alisema ni uzee, na shangazi mmoja alikuwa na majibu yake kuhusu jirani wa shamba la Machame. Mwaka 2014 daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimwomba Baba atembee hatua kumi, agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha aandike sentensi moja. Akamaliza. Baba alikuwa na miaka 60, amestaafu mwaka huohuo.

Wala hatukuwa peke yetu katika kuchelewa. Watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, kulekule Kilimanjaro anakotoka Baba, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 waliwapata 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wanaishi tu, wanaitwa wazee, wengine wanaitwa waliorogwa.

Fungate na vidonge

Kwa lugha rahisi ni hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Ndiyo inayousaidia mwili kuanza mwendo na kuufanya uwe laini. Kwa mwenye Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na mpaka leo hakuna dawa ya kuzuia zisife. James Parkinson, daktari wa London, aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1817, ndiyo maana ukapewa jina lake.

Kilichopo ni kuziba pengo. Kidonge kikuu kina levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Na hapa kuna jambo litakalokuchekesha: levodopa imo hata kwenye mbegu za upupu, uleule tuliokuwa tunamwagiana shuleni tukajikuna mpaka tukalia! Lakini usije ukakimbilia porini. Kipimo chake hakitabiriki, na kuchanganya na vidonge bila daktari ni hatari.

Vidonge vilipoanza, Baba alirudi. Aliandika, alitembea, alimcheka Mama. Madaktari wenyewe wanakiita kipindi hiki fungate, na kama fungate nyingine zote, kinaisha. Baada ya miaka kama mitano kidonge kilichokuwa kinamtosha saa sita kikaanza kumtosha tatu, kisha mbili na nusu. Kikiisha nguvu, Baba anaganda mlangoni kama miguu imepigiliwa misumari. Kikizidi, mwili unachezacheza wenyewe, mabega yanapinda, kichwa kinayumba. Mama akawa anaishi kwa saa ya mkononi. Misa ya pili badala ya ya kwanza, kwa sababu ya kidonge. Nyama haikaribiani na muda wa dawa, kwa sababu protini inagombania njia na levodopa. Mchaga aambiwe nyama ina saa zake! We acha tu.

Video ya dakika moja

Sasa katikati ya hali hiyo, binamu yetu mmoja akatuma video kwenye kundi la familia. Mzungu mmoja anatetemeka mpaka kikombe kinamwagika. Anashika kirimoti, anabonyeza. Mkono unatulia. Anakunywa chai.

Kundi zima likalipuka. "Muujiza!" "Mungu mkubwa!" "Kwa nini Baba hajafanyiwa hii?" Mimi nililia, sitaficha. Wiki mbili baadaye tukawa kwenye kile kikao, na mimi nikaahidi milioni nane.

Tuliporudi nyumbani usiku ule, niliingia ndani nikisubiri ugomvi. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu: yule ni baba yangu, msingi wa nyumba unaweza kusubiri, na kama ingekuwa mama yako je? Mume wangu alivua viatu taratibu, akakaa kitandani.

"Mke wangu, sikatai pesa. Ingawa ungeniuliza kwanza, maana ni ya wote."

Nikanyamaza.

"Lakini achana na mimi. Umemuuliza Baba?"

"Kumuuliza nini? Anaumwa!"

"Kwani akiumwa hana mdomo?"

Nilikasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Kesho yake nikafanya ninachofanya nikipewa makala nisiyoiamini: nikaanza kusoma na kuuliza.

Waya, moto na mawimbi

Nilichojifunza ni kwamba neno "upasuaji" tulikuwa tunalitumia kama kitu kimoja, kumbe yapo mambo zaidi ya moja.

La zamani zaidi ni kuunguza. Daktari anapitisha sindano maalumu kwenye tundu dogo la fuvu na kuua kipande kidogo cha ubongo kinachotuma ishara za fujo. Mwigizaji wa Marekani Michael J. Fox, aliyegundulika na Parkinson mwaka 1991 akiwa na miaka 29 tu, alifanyiwa upasuaji wa aina hii mwaka 1998. Kilichounguzwa ndiyo basi, hakirudi.

La pili ndilo la kwenye video. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim Louis Benabid alikuwa akijiandaa kuunguza sehemu ya ubongo wa mgonjwa anayetetemeka. Kabla ya kuunguza ilikuwa kawaida kupitisha umeme kidogo ili kuhakikisha wako mahali penyewe. Akaona kwamba umeme wa kasi kubwa, takriban mapigo 100 kwa sekunde, unatuliza mtetemo bila kuua kitu. Akajiuliza, kwa nini tusiuache umeme humohumo? Mwaka 2002 Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa matatizo makuu ya mwendo ya wagonjwa wa Parkinson, na dunia nzima ilishaanza kuifuata.

Inafanyikaje? Nyaya mbili nyembamba zinaingizwa kupitia matundu madogo ya fuvu mpaka kwenye kiini chenye ukubwa wa kama punje ya choroko. Mara nyingi mgonjwa anakuwa macho, kichwa kimefungwa kwenye fremu, na daktari anamwomba afumbe na kufumbua mkono. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Nyaya zinapita chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, mpaka kwenye betri iliyozikwa kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga. Wiki chache baadaye kinawashwa, halafu inafuata miezi ya kukirekebisha, leo ongeza kidogo, mwezi ujao punguza. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu hata vifaa vinavyosoma mawimbi ya ubongo na kujirekebisha vyenyewe.

La tatu ni jipya zaidi, halina kisu. Mgonjwa ananyolewa kipara, anaingia kwenye mashine, na mawimbi ya sauti zaidi ya elfu moja yanalengwa kupitia fuvu mpaka yakutane sehemu moja na kuiunguza kwa joto. Marekani iliruhusu njia hiyo kwa mtetemo wa Parkinson mwaka 2018. Haina betri wala waya, lakini nayo ni kuunguza, hairudi nyuma, na mara nyingi hufanywa upande mmoja wa ubongo.

Mpaka hapo nilikuwa bado nina moto. Kilichonipunguza kasi ni aya moja niliyokutana nayo karibu kila mahali: hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoponya Parkinson, na hakuna inayozuia ugonjwa kuendelea. Tena tiba ya nyaya husaidia hasa yale ambayo kidonge bado kinayasaidia, pamoja na mtetemo. Mguu ulioganda ambao unafunguka kwa levodopa, upo uwezekano mkubwa utafunguka kwa umeme. Lakini kupoteza mizani, kuanguka, kumbukumbu kufifia na sauti kuzama, umeme haujibu vizuri. Sauti inaweza hata kuharibika zaidi. Na hatari zipo: damu kuvuja kwenye ubongo kwa mmoja au wawili katika kila wagonjwa 100, na maambukizi ambayo wakati mwingine yanalazimisha kifaa kitolewe.

Kwenye ile video ya dakika moja, yule mzungu hakuongea hata neno.

Benchi la kliniki

Mwezi wa nane tulimpeleka Baba kwa daktari wake: mimi, Mama na mume wangu. Kaka alikuwa Mwanza kikazi. Kwenye benchi tulikaa karibu na kijana mmoja. Nasema kijana kwa sababu alikuwa na miaka 48, mhasibu, na mkewe alikuwa ameshika mfuko wenye chaja kubwa. Alikuwa amewekewa nyaya India mwaka uliotangulia.

Kwao ilikuwa neema, tena sitaki uisome makala hii ukadhani nasema upasuaji ni mbaya. Yule bwana alikuwa ameshaacha kazi, sasa amerudi ofisini. Vidonge vimepungua karibu nusu. Mkewe aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tulikuwa hatulali. Nilikuwa namgeuza kitandani kama mtoto. Sasa anajigeuza." Utafiti uliofanywa Ufaransa na Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 251 walioanza kusumbuliwa na kuishiwa nguvu kwa vidonge, ulionyesha kwamba waliowekewa nyaya mapema walikuwa na maisha bora kuliko waliobaki na dawa peke yake. Yule bwana alikuwa mtu wa aina hiyo hasa: bado kijana, kidonge bado kinamjibu vizuri, kumbukumbu timamu.

Lakini na yeye mkewe alikuwa na yake. "Hawakutuambia kwamba siku ile ndiyo mwanzo," alisema. Kurekebisha kifaa kunahitaji mtaalamu, na walikuwa wamesharudi India mara mbili kwa ajili hiyo tu. Chaja haiachwi nyumbani. Uwanja wa ndege lazima aonyeshe kadi. Mashine za umeme za kupasha misuli joto kwenye fiziotherapia hagusi kabisa, zinaweza kuudhuru ubongo kupitia nyaya. Na betri zisizochajiwa, ambazo ni nafuu zaidi, huisha baada ya miaka mitatu hadi mitano, ndipo mtu anapasuliwa tena kifuani kubadilishiwa. Sisi kwenye karatasi ya Kaka hatukuwa na mstari wa betri.

Swali moja tu

Baba alikuwa ameambiwa asinywe dawa tangu usiku, ili apimwe akiwa hana kitu, kisha apewe kipimo kikubwa na apimwe tena. Asubuhi ile tulimwingiza kama tunabeba kabati. Saa moja baada ya dawa alisimama mwenyewe. Daktari alikuwa anaandika alama zake. Halafu akaiweka kalamu chini.

"Mzee, shikamoo tena," alisema, maana tayari walishasalimiana. "Kati ya vyote vinavyokusumbua, ukiambiwa kimoja tu kiondoke leo, ungechagua kipi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Naapa, nilikuwa nataka kusema "Mkono." Mume wangu akanigusa goti.

Kimya kilikuwa kirefu. Ugonjwa huu unachelewesha hata jibu, na sisi wenye haraka tunadhani mtu hana la kusema. Mwishowe Baba akasema, kwa ile sauti yake iliyobaki kama mnong'ono:

"Kuanguka. Na sauti."

Daktari hakumzunguka. Akamweleza kwamba mkono na mtetemo umeme ungeweza kuutuliza, vidonge vingeweza kupungua, na kule kuchezacheza pia. Kwa umri wake wa miaka 70 bado angeweza kufikiriwa, baada ya vipimo vya kumbukumbu na moyo. Lakini kuhusu kuanguka hakuwa na ahadi, na sauti ingeweza kushuka zaidi.

Baba akamgeukia Mama, siyo sisi.

"Mkono nimeshauzoea," akasema. Akapumua. "Uso umeshagoma. Sauti nayo ikigoma, mama yenu atajuaje kama nimecheka?"

Mama aliangalia ukutani muda mrefu. Mimi nilitoka nje.

Ile ndiyo siku nilipojua alichokuwa anataka kusema mara mbili kwenye kikao. Nilimuuliza jioni. Akaniambia alikuwa anataka kuuliza, "Itanirudishia sauti?" Swali la maneno mawili tu, na watoto watano wenye elimu zao hawakumpa nafasi ya kuliuliza.

Tulirudi kikaoni. Kaka alikataa mwanzoni, akasema tunamkatia tamaa mzee. Namwelewa. Mchango ni namna yetu ya kupenda, na ukishaahidi pesa nyingi unajisikia umefanya kitu. Safari hii Baba alikaa katikati, na kila mtu alitakiwa kusubiri mpaka amalize sentensi. Ilichukua dakika ishirini kusema ambayo mimi ningesema kwa mbili. Alisema hataki. Alisema akibadilisha mawazo atatuambia yeye mwenyewe. Mwisho akatukumbusha Muhammad Ali. Baba alikuwa na miaka 20 mwaka 1974, Ali alipompiga Foreman kule Kinshasa, na alikesha akisubiri matokeo redioni. Mwaka 1996 alimwona Ali kwenye televisheni akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. "Hakuuficha," Baba alisema. Basi.

Sehemu ya michango ikaenda kwenye alichochagua: dawa za mwaka mzima ili zisikatike hata siku moja, fiziotherapia mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mizani, vyuma vya kushikilia bafuni, na mazoezi ya sauti. Kila asubuhi anasoma gazeti kwa kupaza sauti kama yuko mbele ya kidato cha nne. Majirani sasa wanapata habari bure! Hajapona, na hatapona. Mwezi wa tatu mwaka huu alianguka tena, akashonwa nyuzi nne.

Na milioni nane? Nilichangia mbili, safari hii baada ya kukaa mezani na mwenye nusu yake. Nilimwomba radhi mume wangu. Aliniambia hakuumizwa na pesa, aliumizwa na kusikia akiahidiwa bila kuulizwa, kama Baba.

Kabla hamjaanza kuchangishana

Kama mzazi au mwenzi wako ana Parkinson na kuna mtu ametuma video, kaeni na daktari na mgonjwa mwenyewe muulize haya:

1. Kitu gani kinamsumbua yeye zaidi, kwa maneno yake? Na upasuaji unagusa kitu hicho?

2. Kidonge bado kinamsaidia kiasi gani? Kama levodopa iliyopangwa vizuri haimfungui kabisa, umeme nao una uwezekano mdogo wa kumfungua, isipokuwa mtetemo.

3. Kumbukumbu na hali ya moyo wake, yaani huzuni na wasiwasi, vimepimwa? Mwenye kusahau sana anaweza kutoka na hali mbaya zaidi.

4. Nani atakirekebisha kifaa baada ya kurudi, wapi, kwa gharama gani? Betri ni ya aina gani na itadumu miaka mingapi?

5. Ni njia gani inayoweza kuzimwa au kutolewa, na ipi haina kurudi nyuma?

6. Na ninyi wawili mnaochanga: mmekubaliana kabla ya kusimama mbele ya watu?

Jumapili iliyopita tulikuwa Tabata tena. Chakula kilikuwa mezani, Mama bado yuko jikoni anamalizia mboga. Baba akasimama kusali, mkono mmoja umeshika meza, mwingine unacheza wimbo wake. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akasema, "Tuombe." Ilifika mpaka jikoni, kwa sababu tulimsikia Mama akizima jiko.

Sala ilikuwa ndefu, na chakula kilipoa. Hakuna aliyemkatisha.

Wewe je, msomaji wangu? Kuna mtu nyumbani kwenu ambaye mnampenda sana, mnamlipia kila kitu, na hamjamuuliza?